Mori wa Kazi Hutoka Wapi?

Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, jani la kusisimua linalotafunwa, katika kaunti nzima: usiingizwe, usiuzwe, usitafunwe. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Punde si punde Rais William Ruto akazitangaza amri hizo kuwa batili, na Mahakama Kuu ya Embu, kule jani lenyewe linakolimwa, ikaisimamisha marufuku. Mjadala uliofuata ulihusu afya ya vijana, riziki ya wakulima na mamlaka ya kaunti. Swali moja lilipitwa kando, nalo ndilo linaloulizwa zaidi maskani za Ziwa la Ng'ombe: bila handasi, yaani msisimko wa jani hilo, mtu atapata wapi mori wa kufanya kazi?

Swali hilo halistahili kudharauliwa. Wadi hii ya eneo bunge la Nyali, iliyobanana na Bombolulu kando ya barabara ya Malindi, ina watu wengi wanaoishi kwa kazi zisizo na msimamizi: maseremala, mafundi cherehani, wachomeleaji, wapaka hina, wachoraji wa matatu, wanamuziki wanaorekodi chumbani, vijana wa video za simu. Hakuna king'ora cha kiwanda kinachowaambia waanze. Tena kuanza peke yake hakutoshi, kwa kuwa mteja wa hina hataki ua lile lile alilopakwa jirani yake wiki jana. Ushauri wanaopewa unagongana. Huyu husema amka saa kumi na moja alfajiri, yule husema usilazimishe, ngoja uje wenyewe. Mwingine hunyoosha kifuko cha majani. Wako wanaohimiza kujitenga na watu, na wako wanaoshikilia kwamba aliyejitenga hukauka. Kila upande una ushahidi wa kuonyesha, na ndiyo maana mkanganyiko hauishi.

Kazi mbili ndani ya moja

Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aliigawa kazi ya kubuni katika hatua nne: kujiandaa, kuliacha jambo litulie, wazo kuchomoza, kisha kulihakiki. Mgawanyo huo umekosolewa sana, maana watu hawapiti hatua hizo kwa mstari mnyoofu. Hata hivyo umetuachia jambo la maana: kuzalisha mawazo na kuyanyoosha ni kazi mbili, na hali ya akili inayofaa moja yaweza kuiharibu nyingine. Ya kwanza inataka akili iliyolegea kidogo, inayoruhusu mambo yasiyohusiana yakutane. Ya pili inataka akili iliyokaza na kutulia mahali pamoja.

Washairi wa pwani wanaijua tofauti hii vizuri kuliko wengi. Wazo la shairi laweza kumjia mtu akiwa kwenye feri ya Likoni. Kulitia katika tarbia, mishororo minne kwa kila ubeti, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, ni kazi ya kukaa kitako. Na hapo ndipo panapotokea jambo ambalo washauri wengi wa ubunifu hawaligusi. Kina kinapogoma kupatikana, mshairi hulazimika kuliacha neno la kwanza lililomjia, ambalo kwa kawaida ndilo linalomjia kila mtu, atafute la pili, la tatu, la tano. Kanuni inayoonekana kumfunga ndiyo inayomsukuma mbali na yaliyozoeleka. Uhuru mtupu hausukumi hivyo.

Mkanganyiko mwingi kuhusu mori unatokana na kuchanganya kazi hizi mbili. Mtu huulizia dawa ya kuzalisha, akapewa dawa ya kukaza, kisha akashangaa haijafanya kazi.

Majani, kahawa na handasi

Muguka na miraa hubeba kathinoni, kemikali yenye udugu wa karibu na amfetamini. Nguvu yake hupungua jani linaponyauka, na hiyo ndiyo sababu magari yanayoshusha mzigo kutoka bara hukimbizwa vile. Ikishaingia mwilini hufukuza usingizi na njaa, hufungua maneno, humpa mtu kujiamini. Watetezi wake hawasemi uongo wanapodai kwamba fundi mwenye oda za Idd hukesha nayo na kumaliza. Kwa nguo ambayo mshono wake umeshabuniwa na kilichobaki ni kupiga pindo hadi asubuhi, jani linasaidia kweli.

Katika kubuni mambo hugeuka. Mwenye handasi hupata mawazo mengi, na kila wazo humwonekania zuri. Uwezo wa kuchagua, ambao ni nusu ya kazi ya msanii, ndio unaolewa mwanzo. Kisha hufuata deni: usingizi uliopotea, moyo unaozama kesho yake, na jani jingine la kuuinua. Katika hasara zote hizo, ya usingizi ndiyo kubwa kwa mtu anayebuni, kwa sababu, kama itakavyoonekana chini, usingizi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kahawa tungu inayotembezwa kwa dele ina hoja yenye nguvu zaidi, lakini nayo ina mpaka wake. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani Darya Zabelina na Paul Silvia walichapisha jaribio la miligramu 200 za kafeini, kiasi cha kikombe kikubwa cha kahawa kali. Waliopewa walitatua vizuri zaidi mafumbo yenye jibu moja. Katika kutoa mawazo mapya hawakuwapita wenzao, wala hawakuachwa nyuma. Kwa hiyo kahawa ni rafiki wa kunyoosha: ifaa kwa kuhesabu mizani, kupima mbao, kukata wimbo uliokwisha rekodiwa. Ila kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, na vikombe vya baada ya magharibi huja kudai chao usiku.

Wanaopinga majani nao hupita haraka mno juu ya jambo moja. Kutafuna si kutafuna tu. Watu huketi pamoja saa nyingi, wakabishana, wakachekana, wakasimuliana waliyoyaona mjini. Mtu akitoka pale na wazo la wimbo, huenda sifa anayolipa jani ilistahili kikao. Marufuku isiyokuja na mahali pengine pa kukaa huondoa jani na kikao pamoja, na haimpi chochote fundi anayefanya kazi zamu mbili ambaye kilichomfikisha kwenye jani ni uchovu, wala si anasa.

Kungoja uje wenyewe

Kundi la pili, baada ya hilo la majani na kahawa, huamini kwamba kazi nzuri hushuka, haichimbwi. Mfano wao mkubwa wautoa hapa hapa Mombasa. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake wa kisiasa Kenya: Twendapi?, akatoka 1972. Gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na diwani iliyotokana nayo, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Hitimisho lao ni kwamba dhiki ilifungua mlango ambao ratiba isingeufungua.

Mfano huo, ukitazamwa vyema, hauwaungi mkono. Alichokiandika kilifuata vina na mizani, na arudhi hiyo aliingia nayo gerezani, haikumshukia ndani. Alikuwa na la kusema, na watu wa kuwaambia walikuwa nje ya ukuta. Dhiki huwafika wengi na haiwaachii diwani. Isitoshe, ni hatari kuwafundisha vijana wa mtaa wenye dhiki tayari kwamba mateso ndiyo chemchemi ya sanaa. Huko ni kuwaambia wasidai maisha bora.

Ushahidi dhidi ya kungoja upo pia nje ya ushairi. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Robert Boice wa Marekani alieleza jaribio la wahadhiri 27 waliokuwa wakisumbuka kuandika. Baadhi walizuiwa kuandika isipokuwa kwa dharura, baadhi waliachwa waandike wakijisikia, na baadhi walilazimishwa kuandika kila siku iliyopangwa. Waliolazimishwa waliandika zaidi kwa mbali. La kushangaza ni kwamba walirekodi pia mawazo mapya mengi zaidi kuliko waliongoja kujisikia. Hali ya akili iliwajia baada ya kuanza.

Pamoja na hayo, kungoja kuna chembe ya kweli isiyofaa kutupwa. Akili huendelea na kazi mtu akishaiacha, ili mradi aliianza. Jaribio lililofanyika Paris na kuchapishwa mwaka 2021 liliwapa watu hesabu zenye njia ya mkato iliyofichwa, kisha likawapumzisha. Kati ya waliopitiwa na usingizi mwepesi kwa sekunde chache tu, asilimia 83 waliigundua njia hiyo. Kati ya waliokaa macho, asilimia 30. Waliozama kwenye usingizi mzito zaidi walifanya vibaya kuliko wote. Nao Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2014 kwamba kutembea huongeza wingi wa mawazo kwa wastani wa kama asilimia 60, hata kwenye mashine ya ndani inayotazamana na ukuta. Mkazi wa Ziwa la Ng'ombe anayekwenda Kongowea kwa miguu yumo katika hali nzuri ya kuzalisha mawazo, mradi ameondoka nyumbani na swali kichwani na simu mfukoni.

Saa kumi na moja alfajiri

Kundi la tatu ndilo linalosikika zaidi siku hizi, hasa tangu kitabu cha Robin Sharma wa Kanada cha mwaka 2018 kuhusu kuamka saa hiyo kiwafikie wahamasishaji wa mitandaoni. Pwani wazo hilo lilikuta nyumba iliyokwisha jengwa: anayeswali alfajiri yu macho tayari, na wazee wamekuwa wakihimiza baraka za kazi ya mapema vizazi na vizazi. Faida zake ni dhahiri. Jua halijapanda, matatu hazijaanza kupiga honi, watoto wamelala, hakuna anayepiga simu. Mazoea nayo huondoa mabishano ya kila siku kati ya mtu na nafsi yake. Saa ikifika mkono hushika kalamu au patasi bila kuuliza.

Ni hoja nzuri kwa mwenye chumba chake. Nyumba nyingi za kupanga mtaani ni za vyumba vinavyotazamana katika ukumbi mmoja, na aghalabu chumba kimoja kinabeba familia nzima. Kuwasha taa saa kumi na moja ni kuamsha watu wanne au watano. Cherehani inavuma. Miezi ya kaskazi paa la mabati halipoi mpaka usiku wa manane, na aliyepata usingizi saa nane hafaidiki kuamshwa saa kumi na moja. Mlinzi wa usiku na mhudumu wa hoteli za Pwani ya Kaskazini wanarudi nyumbani saa ambayo wahamasishaji wanawataka waamke. Umri nao una sauti yake: miaka ya ujana saa ya mwili husogea mbele, usingizi ukachelewa kuja na kuchelewa kuondoka, na hilo ni la maumbile.

Kosa la kundi hili ni kugeuza mazingira kuwa tabia. Kijana akishindwa kufuata ratiba huambiwa hana nidhamu, naye huamini. Kilichothibitishwa na jaribio la Boice ni thamani ya wakati uliopangwa na kuheshimiwa. Kwamba wakati huo lazima uwe kabla ya jua kuchomoza, halikusema.

Baraza na karakana

Mtazamo wa nne haupeleki jicho kwenye akili ya mtu mmoja. Unatazama mahali alipo na watu alio nao. Kwangu huu ndio mzito kuliko yote, na ndio usiozungumzwa sana na wahamasishaji, labda kwa sababu hauuziki kwa mtu mmoja mmoja.

Historia ya Mvita, yaani Mombasa ya kale, iko upande wake. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban 1776 hadi 1840, alitunga mengi ya mashairi yake katika mabishano: na washairi wa Lamu na Pate, na wapinzani wa watawala wa Mazrui, na mahasimu wa mjini mwake. Hakungoja apate utulivu. Mombasa ya siku zake ilikuwa imezungukwa na vita. Kulikuwa na mtu aliyemtupia maneno, na mji mzima ulisubiri atajibu nini. Mashairi hayo yaliishi vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya baadaye katika karne ile na W. E. Taylor kuyaandika. Utaratibu wenyewe haukufa naye. Karne ya ishirini Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, alikuwa na mwimbaji, Juma Bhalo, aliyeyatia mashairi yake kwenye taarabu. Mtunzi anayejua kwamba sauti fulani inangojea beti zake hupata mori ambao hakuna kengele ya simu iwezayo kuutoa.

Kwa kazi za mikono mfano uko jirani kabisa. Karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969 chini ya chama cha kitaifa cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, na mafundi wake wametengeneza vito, mikoba, nguo na vinyago vilivyouzwa hadi ng'ambo. Msingi wa mahali pale ni rahisi kuueleza: meza na njia zilitengenezwa zifuate mwili wa fundi, vifaa vikawekwa karibu, oda zikaja na tarehe. Hakuna aliyemtaka fundi ajitie moyo kwanza. Upande wa pili wa mji, Changamwe, ushirika wa wachongaji wa Akamba ulioanza 1963 umewakalisha mabandani mafundi wengi bega kwa bega, kila mmoja na mnyama au umbo alilobobea. Mgeni akipita husikia matezo na msasa, na kijana hujifunza kwa kumtazama mzee mkono.

Kelele za mahali kama hapo zina kiwango kinachofaa. Ravi Mehta na wenzake walipima jambo hili na kuchapisha matokeo 2012: sauti ya wastani, kama desibeli 70, iliwasaidia watu kutoa majibu ya kibunifu kuliko ukimya wa desibeli 50, na desibeli 85 ziliwavuruga. Lilikuwa jaribio la ugenini, na sauti aliyoizoea mtu wa Ziwa la Ng'ombe si ile ya mwanafunzi wa huko. Mwelekeo wake lakini unaaminika. Mazungumzo ya baraza yanaweza kumfaa mtunzi. Mashine ya kusaga chuma na spika za matatu zimeshavuka mpaka.

Udhaifu wa mtazamo huu ni mzito vilevile. Watu wakikaa karibu sana huigana. Twiga na vifaru wa Changamwe wamefanana kwa miongo kadhaa, kwa kuwa umbo lililouzika jana huchongwa na mabanda kumi kesho, na anayejaribu jipya hubeba hasara peke yake. Kilichowatikisa ni uhaba: mpingo na muhugu vilipoadimika, wachongaji walielekezwa kwenye mwarubaini na mwembe, wakalazimika kujifunza upya jinsi miti hiyo inavyokauka, inavyopasuka na inavyong'aa. Kama ilivyo kwa kina kinachogoma, kizuizi kilifanya kazi yake.

Udhaifu wa pili ni kwamba baraza la nje ni la wanaume. Mpaka hina au mshonaji wa Ziwa la Ng'ombe hufanya kazi mkekani, mtoto mmoja mgongoni na mwingine akivuta nyuzi. Anayo jamii, pengine kuliko mumewe. Hukosa saa moja isiyokatizwa. Kwake yeye wito wa kujichanganya na watu ni ushauri aliokwisha kuutimiza kupita kiasi, na wito wa kujitenga hauna pa kutekelezewa.

Kupima

Mitazamo hii minne haina uzito sawa. Muguka unakopa kesho ili kulipa leo, na kwa kubuni unakopa kwa riba kubwa. Kahawa ni msaada mdogo wenye saa zake. Kungoja kuna thamani kwa aliyeanza tayari, na kwake thamani hiyo ni kubwa: atembee, alale, arudi. Kwa ambaye hajaanza ni kupoteza siku. Ratiba inashinda kungoja, ila haimfai mtu ikiwa ni ya kuazima kutoka maisha ya mwingine. Alasiri ya mhudumu wa hoteli ni halali sawa na alfajiri ya imamu.

Linalobaki limesimama ni hili: mori hufuata kazi inayosubiriwa na mtu, ikafanywa mahali palipo tayari. Kijana wa video akikubaliana na wenzake watatu kuonyeshana kazi kila Alhamisi usiku, amejipatia sehemu ndogo ya alichokuwa nacho Muyaka. Mshonaji akijiwekea sharti, mwezi huu mishono yote iwe ya vitambaa viwili tu, amejitengenezea kina na mizani zake. Hayo mtu aweza kuyafanya bila ruhusa wala pesa, na yana nguvu kuliko kifuko cha majani.

Mahali, hata hivyo, mtu hawezi kujitengenezea kwa nia njema. Mwenye chumba kimoja chini ya mabati hapungukiwi na moyo, anapungukiwa na meza. Kituo cha vijana wa sanaa na teknolojia, Swahilipot Hub, kiko kisiwani karibu na Fort Jesus; kwa wa Ziwa la Ng'ombe hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi juu ya daraja la Nyali kila siku. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti udhibiti wa dawa za kulevya. Jedwali hilo hilo linaipa pia maktaba, vituo vya utamaduni, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Mwaka 2024 kipengele cha kwanza kilishughulikiwa kwa nguvu zote. Hivyo vingine vinaweza kuanzia kwenye madarasa ya shule za umma za wadi, ambayo hukaa matupu kuanzia jioni: taa, mlinzi, feni mbili, mlango ulio wazi hadi saa nne usiku, na chumba cha pembeni chenye mlezi ili mpaka hina aweke mtoto chini kwa saa moja. Gharama yake inaweza kupigiwa hesabu katika bajeti ya kaunti ya mwaka wowote, na wakazi wana haki ya kuuliza kama imepigiwa, kabla ya marufuku nyingine kutangazwa.